Rubani Aliyegeuka Kutazama Gati

Iko asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na nitakusimulia yote, lakini kwanza toa hiyo mikono usoni. Najua kwa nini umejikunyata hapo kitandani. Wenzako wamefika Riyadh salama, wamepiga picha wakiwa wameegemea magari kama mabwana harusi, wamezituma kwenye kundi letu la madereva, na chini yake wanakucheka. Mimi pia nimo kwenye kundi hilo, nimesoma yote. Huyo aliyekuita mama mboga sijui alilelewa wapi. Mama mboga anaamka kabla ya majogoo, anabishana na soko zima, na harudi nyumbani amefyata mkia. Laiti ungekuwa na nusu ya moyo wake saa hii.

Tuseme mambo yalivyo, hata kama wewe na mimi tunayajua, maana nataka na hawa wengine chumbani wasikie. Jana ulirudi hapa Jeddah kwa basi baada ya kukabidhi gari Riyadh, hujalala, macho mekundu. Hata maji hujanywa, msimamizi akakutupia ufunguo wa gari jingine: yalla, rudi huko huko. Ukasema huendi mpaka ulale. Wenzako waliorudi na basi hilo hilo wakachukua funguo wakaenda, na leo wamefika. Sasa msimamizi anataka uende ofisini alasiri hii, usimame mbele ya watu, useme samahani na uahidi kwamba hutakataa gari tena. Usipofanya hivyo, ikama yako, hicho kibali cha kuishi huku, haitaongezwa muda na utapandishwa ndege urudi Eldoret. Na wewe, Kevin, umeshaanza kupanga maneno. Nimekusikia ukiyafanyia mazoezi bafuni.

Basi nisikilize. Nilikuwa kijana kama wewe, tumbo halijaanza kunitangulia hivi, nilipokuwa dereva wa mtu mmoja wa mtaa wa Al-Nuzha aliyeuza magari. Magari yalishushwa hapa bandarini Jeddah, sisi tukayaendesha mpaka duka lake la Riyadh, tukayakabidhi, tukarudi na basi. Ni kazi hii hii yako: unapeleka kitu cha mtu, unakikabidhi, unarudi mikono mitupu. Kafili mwenyewe, yaani tajiri aliyetudhamini, alikuwa mzee wa kahawa na tasbihi, mambo ya barabara alimwachia mwanawe. Huyo mwana ndiye tuliyemwita bosi, ingawa ndevu zilikuwa zinaanza tu kumwota.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumeshapita Taif, tumejipanga kwenye kituo cha petroli, magari mapya yanang'aa. Mbele yetu ghubari lilikuwa limesimama. Kama hujaliona la namna ile, usiombe kuliona. Lilikuwa ukuta wa vumbi rangi ya chai ya maziwa, kutoka ardhini mpaka juu, na barabara ilikuwa inaingia humo ndani inapotea. Bosi, ambaye alikuwa ametangulia na gari lake kubwa, akashusha kioo.

"Yalla, Odero."

"Bosi, sioni barabara."

"Mafi mushkila, hakuna shida. Fuata taa za aliye mbele yako."

"Na aliye mbele yangu anafuata taa za nani?"

Alisema kitu kwa Kiarabu, wenzangu wakakicheka, akapandisha kioo. Wakaondoka wote, mmoja baada ya mwingine, na lile vumbi likawameza. Mimi nikazima injini nikabaki pale.

Utaniuliza nilipata wapi jeuri hiyo, kijana wa kuja, ikama bado ina harufu ya mashine iliyoichapa. Niliipata kwa babu yangu, na babu aliipata kwa Mzungu mmoja, kwa hiyo lazima nikupeleke Kisumu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vumilia kidogo, hatutakaa sana.

Wakati huo kulikuwa na ndege za majini. Usinitazame hivyo, zilikuwepo. Tumbo lake lilikuwa kama la mashua, haikutua uwanjani, ilitua majini, na ziwa letu ndilo lililokuwa kituo chake. Nyingine zilibeba wakubwa na mizigo yao. Lakini nyingine zilikuwa zinapelekwa tu. Zimetoka kutengenezwa huku, zinatakiwa vitani kule, na lazima wapatikane watu wa kuzifikisha. Hao ndio babu aliowajua. Hawakuwa wapiganaji. Walikuwa wapeleka ndege kama sisi tulivyo wapeleka magari: wanaikabidhi, wanatafutiwa usafiri wa kurudi, wanapewa nyingine.

Asikwambie mtu kwamba kwa kuwa hawakupigana, hawakufa. Walikufa sana. Ndege ilijazwa mapipa ya mafuta mpaka ndani ili ifike mbali, nao wakakaa katikati ya harufu hiyo kutwa nzima, hakuna kuwasha hata sigara. Ndege ni mpya, kasoro zake hakuna anayezijua bado. Kwenye redio walikatazwa kuzungumza, adui asisikie, kwa hiyo wakipotea hawakuweza hata kusema wamepotea. Bunduki zipo lakini wa kuzipiga hayupo, maana wapeleka ndege walikuwa wachache tu humo ndani. Na kutua nako kulikuwa na balaa lake. Mawimbi unayoyaona madogo ukiwa ufuoni, kwa ndege inayokuja kwa kasi ni mawe. Pale Kisumu kulikuwa na magogo yanayoelea, kulikuwa na viboko. Tumbo likipasuka, ndege inazama na watu wake. Ikipotelea baharini, babu alisema, hata kaburi hakuna, linabaki sanduku la nguo kwenye chumba cha wageni na mtu anatumwa kwenda kulifunga. Aliwahi kutumwa yeye.

Kazi yake hasa ilikuwa kuendesha motaboti. Asubuhi aliwachukua rubani na wenzake gatini, akawapeleka mpaka pale ndege ilipofungwa kwenye boya. Na motaboti hiyo ilikuwa na desturi yake. Rubani alikaa akitazama mbele, iliko ndege. Aliangalia mbingu, akaangalia maji, akaangalia vilima vya Nandi vimefunikwa na wingu gani. Asiporidhika hakusema neno. Aligeuka tu akakaa akitazama gati. Babu akiona hivyo anageuza motaboti. Na hakuna mtu, awe mkubwa awe mdogo, aliyeruhusiwa kumwuliza rubani sababu mpaka warudi nchi kavu na wamalize kunywa chai.

Unajua kwa nini walifanya hivyo? Mtu akiulizwa sababu akiwa bado majini, mbele ya wenzake, anaona haya. Na mwenye haya hupaa. Babu aliniambia wale vijana waliogopa haya kuliko walivyowaogopa Wajerumani, na haya ndiyo iliyowaua wengi.

Sasa, siku moja ndege mbili zilikuwa zimefungwa kwenye maboya. Rubani wa ndege moja, kijana mwenye madoadoa usoni, aligeuka akatazama gati. Wa pili akapaa. Wingu lilikuwa zito kwelikweli, lakini mchana habari ikaja kwamba huyo wa pili amefika salama. Basi afisa mmoja, ambaye yeye hakuwa na ndege, alikuwa na meza tu, akaja gatini akamwambia yule kijana kwamba ni mwoga, mbele ya Wazungu wenzake, mbele ya makuli, mbele ya babu yangu. Akamwambia aombe radhi. Kijana alikuwa ameshamaliza chai. Akamwambia afisa: leo nimeona vibaya, sikwenda. Kesho nikiona vizuri nitakwenda. Keshokutwa nikiona vibaya sitakwenda. Akaweka kikombe chini akaenda zake kulala. Asubuhi iliyofuata babu alimpeleka, naye akakaa uso wake ukielekea kwenye ndege mpaka walipofika, akapaa.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza babu, na yule aliyepaa kwenye wingu, baadaye alianguka? Nilitaka aanguke, unanielewa. Babu akanikata jicho. Akasema hajui. Wapeleka ndege hawakurudi kwa njia waliyopita. Labda wote wawili walizeeka kwao wakifuga kuku, labda wote wawili wako chini ya bahari. Ilinikera sana hadithi kukosa mwisho, nikafikiri mzee amesahau.

Turudi kituoni. Nililala ndani ya gari mpaka ghubari likapita, nikafika Riyadh siku ya pili. Nilitarajia nini? Sitakuficha, nilitarajia kukuta angalau gari moja limebonyea mahali. Wapi. Yote yalikuwa yamepangwa dukani, hayana hata mchubuko, na wenzangu wameshiba wali na nyama, wananisubiri kwa vicheko. Hakuna aliyekufa, mwanangu. Hakuna hata aliyepata pancha. Hilo ndilo lililonimaliza, kama linavyokumaliza wewe leo. Mtu akikataa, wenzake wakapata ajali, anaitwa mwenye akili. Akikataa, wenzake wakafika, anaitwa mwoga. Lakini mtu ni yule yule, na alichokiona kwa macho yake ni kile kile. Hapo ndipo nilipojua babu hakuwa amesahau chochote. Alikuwa hataki nisubiri mtu aanguke ndipo niseme mwenye madoadoa alikuwa sawa.

Nilijua hivyo, na bado nilivunjika. Bosi alininyang'anya ufunguo. "Halas," akasema, "wewe sasa utaosha magari." Nikaosha magari uani kwao Al-Nuzha, jua la Jeddah linanichoma utosini, wenzangu wanakuja kuchukua magari niliyoyang'arisha na wanaondoka wakinipigia honi. Kisha bosi akaniambia kwamba Ijumaa, mbele ya baba yake na madereva wote, nitasema samahani na nitaahidi. Nisiposema, ikama mafi. Nyumbani nilikuwa nimeacha mke, mtoto anayeanza kutambaa, na nyumba iliyofika kwenye linta, haina paa. Wewe unajua maana ya kurudi kwenu nyumba ikiwa kwenye linta. Kila anayepita barabarani anaitazama halafu anakutazama wewe. Basi nami, kama wewe, nikaanza kupanga maneno.

Nikampigia babu. Enzi hizo hakuna hiki kisimu chako, nilikwenda kwenye vibanda vya simu, na huko Kisumu wakamleta babu dukani kwa jirani amepakiwa nyuma ya baiskeli. Nikamweleza yote, nikamwambia nimeamua kuomba msamaha, nilichotaka ni baraka zake tu.

"Umegonga gari la mtu?" akauliza.

"Hapana, babu."

"Ulilewa kazini?"

"Hapana."

"Umeiba petroli?"

"Babu, si nimekwambia ilikuwa ni..."

"Sasa unaomba msamaha wa nini? Ungekuwa umeharibu kitu cha watu ningekwambia piga magoti, na mimi ningepiga nawe huku huku dukani. Lakini mtu aliyeshika usukani akisema hapana, hajakosa. Amefanya kazi. Kukanyaga mafuta hata jiwe linaweza."

"Watanirudisha nyumbani, babu."

"Wakikurudisha, utakuja na mdomo wako. Ukisema samahani utabaki huko bila mdomo. Siku utakayoona vibaya tena utawaambia nini, na umeshaahidi?" Nikasikia anakohoa. "Ukiisema hiyo samahani, usinipigie tena." Akampa mwenye duka simu yake.

Nilitoka kwenye kibanda nimekasirika. Mzee amekaa kwake anakunywa uji, ananiagiza nipoteze kazi. Nilimkasirikia siku nzima. Lakini kila nilipojaribu yale maneno yangu ya msamaha, yaliishia njiani, kwa sababu sikuweza kupata kosa la kuyamalizia. Samahani kwa... kwa nini? Jaribu na wewe. Umalizie hiyo sentensi hapa mbele yetu, nione.

Umeona. Haya.

Ijumaa ikafika. Tukavua viatu mlangoni, tukaingia sebuleni kwa kafili, madereva wamekaa kando ya ukuta, bosi katikati, mzee na kahawa yake.

"Sema," bosi akaniambia.

Nikasema kwa Kiarabu changu cha barabarani: "Bosi, nitapeleka gari lako kesho. Keshokutwa nitalipeleka. Siku nikiona barabara haifai, sitalipeleka. Samahani sina."

Mzee akaniangalia juu ya kikombe chake. Bosi akawa mwekundu. "Rudi kwenye ndoo," akasema. Nikarudi kwenye ndoo. Usifikiri kuna aliyenipigia makofi. Kwa muda mrefu kila asubuhi niliamka nikijiuliza kama leo ndiyo siku ya kufungasha, na wenzangu waliacha kula na mimi, wasije wakaonekana wako upande wangu. Nilikula peke yangu na nilishiba.

Halafu mama yake bosi, bibi mzito wa miguu, akatakiwa Riyadh kwenye harusi ya mjukuu wake. Ndege alikuwa anaiogopa. Unadhani bosi alimwita dereva gani? Alikuwa nao tele waliopasua ghubari bila kufumba jicho. Alikuja uani, akasimama pale nilipokuwa nasugua tairi, akaninyooshea ufunguo. Hakuniomba radhi, nami sikuidai. Alisema neno moja tu.

"Ukiona vibaya, simama."

Nikamtazama. Akatazama pembeni. Kumbe alijua siku zote, Kevin. Gari la kuuza alitaka liende kwa vyovyote, na sisi ndani yake tulikuwa sehemu ya gari. Mama yake ndiye aliyemtaka afike. Na wewe pia unaye mama huko Eldoret. Kwake wewe si dereva wa mtu, wewe ndiye anayesubiriwa afike.

Kwa hiyo chukua haya kutoka kwangu, na hawa wanaojifanya wamelala nao wachukue. Kusema hapana kusiwe mazoea. Ukikataa gari kwa uvivu, mimi ndiye nitakayekupeleka ofisini nimekushika sikio. Ukikataa, kataa kabla hujawasha injini, kwa adabu, mara moja, usipige kelele na usitunge uongo wa tumbo kuuma. Umechoka, sema umechoka. Wenzako waliofika usiwaombee mabaya ili uonekane ulikuwa sawa. Chukua simu uwaandikie sasa hivi kwamba umefurahi wamefika, na ufurahi kweli, maana wamelala leo wakiwa hai. Wakicheka wacheke, meno ni yao. Msimamizi akikwambia wenzako waliweza, mwambie ni kweli waliweza, na wewe macho yako yalikuwa yanajifumba. Na hiyo samahani usiitoe. Iweke akiba, siku utakayogonga mlango wa gari la mtu utaihitaji.

Siwezi kukuahidi kwamba utapona. Mimi nilibahatika, wapo waliosema kama nilivyosema wakarudishwa kwao wiki hiyo hiyo. Wakikurudisha nitakusindikiza mpaka uwanja wa ndege nimevaa suti yangu ya kanisani, watu wadhani namsindikiza mheshimiwa. Lakini kwenda ofisini hutakwenda peke yako. Ninakuja. Wakiniuliza, mzee, wewe unataka nini hapa, nitawaambia kwamba mimi pia, nikishuka kwenye basi bila kulala, sichukui ufunguo wa mtu, na kama ni kufuta ikama basi wafute mbili.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka, na ikitetemeka akupe miguu isiyokimbia. Akufikishe kila utakakotumwa, akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima, na neno lako likiwa bado ni lako. Simama sasa, twende.